Bwawa Halizai Maji: Nusu Karne ya Kidatu na Mtera

Kama ulikuwa Tanzania mwaka 2006, 2011 au 2015, kuna namba moja ambayo huenda uliisikia kwenye taarifa ya habari mpaka ukaizoea kama matokeo ya mpira: mita 690. Ndiyo kina cha chini kabisa ambacho maji ya Bwawa la Mtera yanaruhusiwa kufikia, kikipimwa kutoka usawa wa bahari, kabla mitambo haijazimwa. Maji yakikaribia namba hiyo, mgao wa umeme ulikuwa unakuja. Yakiipita kushuka chini, jenereta za mitaani zilianza kunguruma na bei ya mshumaa ikapanda.

Kila mara ilipotokea hivyo, maelezo yalikuwa mawili. La kwanza: mvua hazikunyesha. La pili: wakulima na wafugaji wa Usangu, huko juu mtoni, wamemaliza maji. Maelezo yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini ukifuatilia historia ya mabwawa haya mawili, Kidatu na Mtera, unakuta hadithi ngumu zaidi, na inatuhusu sana leo wakati nchi imeweka sehemu kubwa ya umeme wake kwenye bwawa jingine ndani ya bonde hilohilo la Rufiji.

Makala hii ni historia, lakini ina hesabu kidogo. Usiogope, ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Kwanza Kidatu, kisha tangi lake

Mto Ruaha Mkuu unaanzia kwenye nyanda za juu za kusini, kwenye milima ya Kipengere na Uporoto. Vijito vyake vinashuka hadi bonde tambarare la Usangu, vinakutana kwenye ardhioevu ya Ihefu, halafu maji yanatoka kupitia mwamba wa N'Giriama na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mbele zaidi mto unapokea Ruaha Mdogo kutoka upande wa Iringa na Kisigo kutoka kaskazini magharibi. Hapo ndipo ilipo Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Kisha mto unaporomoka kuelekea Kidatu, kwenye ukingo wa bonde la Kilombero.

Maporomoko hayo ndiyo yaliyowavuta wahandisi. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, kwa mikopo iliyotoka hasa Sweden na Benki ya Dunia. Baadaye kikaongezewa mitambo mpaka kufikia megawati 204. Kwa nchi changa iliyokuwa inajenga viwanda, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Tatizo ni kwamba bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo: takribani mita za ujazo milioni 125. Mitambo yake yote ikifanya kazi kwa nguvu kamili inahitaji kama mita za ujazo 130 kila sekunde. Piga hesabu: hiyo ni zaidi ya milioni 11 kwa siku. Maana yake, bila maji mapya kuingia, Kidatu inakauka ndani ya siku kumi na moja hivi. Na Ruaha ni mto wa msimu. Mvua za eneo hili ni za mkupuo mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Miezi mingine mto unanywea.

Kwa hiyo Kidatu ilihitaji tangi la kuhifadhi maji ya masika. Tangi hilo ndilo Mtera. Bwawa lilikamilika mwaka 1980, likiwa na uwezo wa kutunza takribani mita za ujazo bilioni 3.2, zaidi ya mara ishirini na tano ya Kidatu. Kwa miaka minane ya mwanzo Mtera haikuzalisha umeme wowote. Kazi yake ilikuwa kuyashika maji na kuyaachia taratibu. Mwaka 1988 ndipo lilipopata mitambo yake ya megawati 80, tone lilelile la maji likaanza kufua umeme mara mbili: Mtera kwanza, Kidatu baadaye.

Utaratibu huu ni mzuri sana kwenye karatasi. Ukijumlisha vituo vyote vikubwa vya maji vilivyokuwepo kabla ya Bwawa la Nyerere, yaani Kidatu 204, Kihansi 180, Mtera 80, Pangani 68, Hale 21 na Nyumba ya Mungu 8, unapata megawati 561. Nusu yake, 284, inatoka kwenye mto mmoja na inategemea tangi moja.

Tangi pana, tangi la kina kifupi

Sasa tulitazame hilo tangi lenyewe.

Mtera ikijaa, maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini ni 690. Tofauti ni mita 8.5 tu. Bilioni 3.2 za mita za ujazo zinakaaje ndani ya mita 8.5? Zinakaa kwa kutandaa. Bwawa likijaa linafunika zaidi ya kilomita za mraba 600. Ukipita barabara ya Dodoma hadi Iringa, pale linapovuka tuta, unaweza kudhani umefika ziwani. Siyo sinia hasa, lakini siyo mtungi pia.

Na sinia, kila mama wa nyumbani anajua, linakausha maji haraka kuliko mtungi.

Mtera iko kwenye ukanda mkavu wa katikati ya nchi: jua kali, upepo, mvua chache. Mahali kama hapo, maji yaliyo wazi yanaweza kupoteza takribani mita mbili za kina kwa mwaka kwa kugeuka mvuke. Zidisha mita mbili kwa kilomita za mraba 600 na utapata mita za ujazo bilioni 1.2 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya uwezo wa bwawa zima, na ni zaidi ya mara tisa ya bwawa la Kidatu. Mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya bwawa inarudisha sehemu, labda robo. Maji yakipungua, eneo nalo linasinyaa, kwa hiyo upotevu unapungua pia. Hata hivyo picha haibadiliki: jua ni mteja mkubwa wa Mtera, halilipi bili, wala halikatiki wakati wa mgao.

Simaanishi kwamba bwawa lilijengwa vibaya. Wahandisi hawachagui umbo la bonde, wanachukua lililopo. Lakini hapa tunapata somo la kwanza, na ndilo kichwa cha makala hii: bwawa halizai maji. Linachukua maji ya leo na kuyapeleka kesho, na njiani linatozwa ushuru. Kadiri unavyotaka kuyapeleka mbali zaidi, kutoka masika hadi kiangazi, au kutoka mwaka wa neema hadi mwaka wa ukame, ndivyo ushuru unavyokuwa mkubwa.

Wakati huohuo, huko Usangu

Kilimo cha mpunga Usangu hakikuanza jana. Kabla ya uhuru, walowezi wa Kibaluchi walikuwa tayari wameonyesha kwamba bonde lile linafaa mpunga. Baada ya uhuru serikali ikaingia yenyewe. Shamba la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Likafuata Kapunga, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, lenye hekta zipatazo 3,000. Baadaye ikaja skimu ya Madibira kwa ajili ya wakulima wadogo. Kuzunguka mashamba haya, maelfu ya kaya zilichimba mifereji, zikajenga mabanio na kutengeneza majaruba. Wafugaji nao walifika na ng'ombe wao kutoka kaskazini na magharibi. Watu walifuata maji, kama wanavyofanya siku zote.

Mwaka 1993 kikatokea kitu ambacho wahifadhi hawakukizoea: Ruaha Mkuu uliacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko walibanana kwenye madimbwi ya tope. Mwaka uliofuata hali ikajirudia, na baada ya hapo ikawa desturi. Mto uliopewa jina la Mkuu ukawa unakatika kwa majuma, kisha miezi.

Sasa angalia tarehe. Mapema miaka ya 1990 ndipo Mtera ilipopungukiwa maji kwa mara ya kwanza kwa kiwango cha kutisha, na nchi ikaingia kwenye mgao mwaka 1992 na tena 1994. Huku mto umekauka, huku bwawa limekauka. Nani asingeunganisha mambo haya mawili? Mto unaingia bwawani. Mto umekauka kwa sababu ya Usangu. Basi Usangu ndiyo imezima taa Dar es Salaam.

Inaonekana ni hesabu ya moja jumlisha moja. Siyo.

Uhaba wa aina mbili

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifanyika utafiti mkubwa Usangu, uliojulikana kwa kifupi kama SMUWC, kwa ufadhili wa Uingereza. Ukafuatiwa na mradi wa RIPARWIN uliowaunganisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha East Anglia na taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, IWMI. Walipima maji mtoni, kwenye mifereji, mashambani. Walichokikuta ni kwamba kukauka kwa mto wakati wa kiangazi na kukauka kwa Mtera ni matatizo mawili tofauti.

Kukauka kwa mto kiangazi kulitokana hasa na maji yaliyochepushwa na mifereji katika miezi ya ukame, wakati mto una maji kidogo na kila lita ina thamani. Mabanio mapya ya saruji yalikuwa na uwezo wa kuchukua karibu mtiririko wote wa kiangazi, tofauti na yale ya zamani ya miti na majani ambayo yalikuwa yanavujisha. Maji mengine yalikuwa yanapita tu kwenye mifereji na mashamba yasiyo na mazao.

Lakini Mtera haijazwi na maji ya kiangazi. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mto ungeachwa utiririke kiangazi chote, mita za ujazo tano kila sekunde, bila kukatika, kwa siku 150. Tano mara sekunde 86,400 mara 150 ni takribani mita za ujazo milioni 65. Hiyo ni asilimia mbili ya Mtera iliyojaa. Ni pungufu ya kile ambacho jua linaweza kukinyonya kwa mwezi mmoja bwawa likiwa limejaa. Kwa kiboko, milioni 65 hizo ni uhai na kifo. Kwa kijiji kilicho kando ya mto, ndiyo maji ya kunywa. Kwa mitambo ya Kidatu, ni umeme wa juma moja hivi.

Mtera inajazwa na mafuriko ya Januari hadi Mei, kutoka Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo kwa pamoja. Umwagiliaji wa masika unapunguza maji hayo pia, hilo tusilifiche, na kadiri mashamba yanavyopanuka ndivyo unavyopunguza zaidi. Ila katika mwaka wa mvua nzuri mafuriko ni mengi kiasi kwamba mabanio yanachukua sehemu tu. Mvua kubwa za El Niño za 1997/98 zilithibitisha hilo: Usangu ilikuwa bado imejaa wakulima na wafugaji, na Mtera ikajaa.

Kwa nini basi ilikauka miaka ya 1990 mwanzoni? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotengeneza modeli ya Mtera na Kidatu na kuichapisha mwaka 2003, hitimisho lao halikuelekea Usangu tu. Sehemu kubwa ya tatizo, walionyesha, ilikuwa namna maji yalivyoachiwa bwawani. Maji mengi yalitoka Mtera bila maelezo ya matumizi yake. Akiba iliyokusudiwa kuvuka mwaka hadi mwaka ilitumika mapema mno, kisha mwaka mbaya ulipofika, ghala lilikuwa tupu.

Ghala ndiyo mfano mzuri. Familia yenye ghala la mahindi inaweza kuvumilia mwaka mmoja wa njaa, iwapo mwaka wa mavuno haikuuza yote.

Aliyelipa gharama

Mjadala wa kitaalamu ungeweza kubaki kwenye majarida. Haukubaki.

Machi 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi mbele ya mkutano wa kimataifa jijini London kwamba Ruaha Mkuu ungerudi kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Ukame wa 2005 na 2006 ulipoleta mgao mkali wa umeme, shinikizo likawa kubwa. Kati ya 2006 na 2007, wafugaji wa Usangu, Wasukuma, Wamasai, Wabarbaig na wengine, waliondolewa na mifugo yao na kutakiwa kuhamia mikoa mingine, hasa Lindi na Pwani. Malalamiko ya faini, ya ng'ombe kufa njiani na ya watu kupoteza mali yalikuwa mengi kiasi kwamba tume iliundwa kuyachunguza. Mwaka 2008 Ihefu na eneo lililokuwa Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ikawa hifadhi yenye zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

Mwaka 2010 ukafika, ukapita. Mto uliendelea kukatika kiangazi. Mtera nayo ilipungukiwa tena mwaka 2011, na Oktoba 2015 hali ikawa mbaya mpaka vituo vya maji nchini vikazimwa, nchi ikaegemea gesi na mafuta.

Hii haimaanishi kwamba ng'ombe hawaharibu ardhioevu wakizidi, wala kwamba mifereji iachwe ifanye itakavyo. Nachosema ni hiki: ukikosea kutambua ugonjwa, dawa unayotoa inamuumiza mtu na ugonjwa unabaki. SMUWC ilikuwa imesema mapema kwamba mifugo siyo chanzo kikuu cha mto kukauka. Martin Walsh, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi kwenye mradi ule, aliandika mwaka 2012 jinsi maelezo rahisi yalivyoshinda ushahidi. Mfugaji hana ofisi ya habari. Bwawa linayo.

Tabianchi inapoingia kwenye hesabu

Mpaka hapa sijataja mabadiliko ya tabianchi, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Ni rahisi sana siku hizi kutupia kila upungufu wa maji kwenye tabianchi, kama zamani tulivyoutupia Usangu. Lakini tabianchi ni jambo la kweli, na inaingia kwenye hadithi hii kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni joto. Hapa modeli zote zinakubaliana: Tanzania inazidi kuwa na joto. Hewa yenye joto ina kiu zaidi. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia saba hivi. Bwawa pana kama Mtera litatozwa ushuru mkubwa zaidi, na mazao ya Usangu yatahitaji maji zaidi kwa hekta ileile. Yote mawili hata kama mvua haitapungua hata milimita moja.

Mlango wa pili ni mvua yenyewe, na hapa modeli zinagombana. Kwa bonde la Rufiji, baadhi zinaonyesha mvua kuongezeka, nyingine kupungua. Kinachoonekana kwa nguvu zaidi ni kuyumba: mvua kubwa zinazoshuka kwa mkupuo, na vipindi vya ukame katikati. Tumeshaona mfano. Mtera iliyokauka 2015 ilijaa mwaka 2020 mpaka milango ikafunguliwa. Ndani ya miaka mitano bwawa lilikuwa halina maji ya kuachia, kisha halina nafasi ya kuyaweka.

Mlango wa tatu ndiyo mgumu zaidi kuuona: kumbukumbu. Bwawa linapopangwa, wahandisi wanatazama takwimu za mto za miaka iliyopita na kusema, mto huu una tabia hii. Vituo vya kupimia maji vya Ruaha vilianza kazi miaka ya 1950 na 1960 tu, kwa hiyo Kidatu na Mtera zilipangwa kwa kumbukumbu ya miaka michache, ikiwemo mvua kubwa mno zilizoanza 1961, zilezile zilizopandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2008 Milly na wenzake waliandika kwenye jarida la Science kwamba dhana ya mto wenye tabia isiyobadilika imekufa. Kwa Kiswahili chetu: usimpimie mtoto shati kwa kutumia vipimo vya mwaka juzi.

Kuna jambo jingine ambalo siyo la anga bali la binadamu. Mwaka 2018, Giuliano Di Baldassarre na wenzake walichapisha hoja kwenye Nature Sustainability kwamba mabwawa yanaweza kuzidisha uhaba wa maji kwa muda mrefu. Inakuwaje? Bwawa likijengwa, watu wanaona maji yapo. Mashamba yanapanuka, miji inakua, viwanda vinaunganishwa. Mahitaji yanapanda mpaka yanaufikia uwezo wa bwawa, halafu linaombwa bwawa jingine. Wakati huohuo watu wanasahau mbinu zao za zamani za kuishi na ukame, kwa sababu kwa miaka mingi hawakuzihitaji. Ukame mkubwa ukija, unawakuta wengi zaidi, na hawajajiandaa.

Soma tena historia ya Mtera ukiwa na hoja hiyo kichwani. Nchi iliyokuwa na umeme mdogo mwaka 1975 ilijenga maisha yake juu ya mto mmoja. Mto ulipoyumba, kila kitu kiliyumba nao.

Bwawa la Nyerere: tangi jipya, bonde lilelile

Tarehe 22 Desemba 2022 maji yalianza kujazwa kwenye Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji. Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kufua umeme. Mitambo yote tisa kwa pamoja ni megawati 2,115, karibu mara nne ya zile 561 tulizozijumlisha mwanzoni. Bwawa lina uwezo wa zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, yaani kama Mtera kumi.

Je, tumetoka kwenye tatizo? Kwa upande mmoja, ndiyo. Rufiji haiutegemei Ruaha peke yake. Ruaha Mkuu unachukua karibu nusu ya eneo la bonde zima lakini unaleta takribani asilimia 15 tu ya maji. Maji mengi zaidi yanatoka Kilombero, ambako mvua ni nyingi, na mengine Luwegu. Bwawa lenyewe ni refu kwenda chini kuliko Mtera, kwa hiyo kwa kila lita linalohifadhi, jua linapata kidogo zaidi kwa ushuru. Linapomfaa Mtera kuitwa sinia, hili ni mtungi.

Kwa upande mwingine, mtungi nao unategemea kisima. Utafiti wa Declan Conway na wenzake uliochapishwa 2017 katika Nature Energy ulionya kwamba mipango ya umeme wa maji ya mashariki na kusini mwa Afrika inarundika mitambo kwenye mabonde machache yenye mvua zinazopanda na kushuka kwa pamoja. Ukame ukipiga, hauzimi kituo kimoja, unazima vingi kwa mara moja. Kidatu, Mtera, Kihansi na Nyerere zote ziko bonde la Rufiji. Na bonde la Kilombero, chanzo kikuu cha maji ya bwawa jipya, lina mashamba ya miwa na mpunga yanayopanuka, wafugaji wanaoingia, na mijadala ya nani aondoke. Umeshasikia wapi hadithi hii?

Kuna pia upande wa chini. Aprili 2024, mafuriko yalipowafika wananchi wa Rufiji, swali likaulizwa kila mahali: ni bwawa limefungulia maji? Serikali ilijibu kwamba bwawa lilipunguza mafuriko badala ya kuyaleta. Lakini swali lenyewe linaonyesha kitu. Kabla ya bwawa, mafuriko yalikuwa kazi ya Mungu. Baada ya bwawa, kuna mtu ameshika lango. Anayeshika lango anadaiwa maelezo: aliachia kiasi gani, lini, na alimwambia nani.

Tunajifunza nini?

Nadhani mambo manne.

Moja, tuzitenganishe aina za uhaba. Mto kukauka, bwawa kukauka na bomba kukauka ni vitu vitatu. Kila kimoja kina chanzo chake na dawa yake. Hesabu ya dakika tano kama ile ya milioni 65 ingetosha kuuliza swali sahihi kabla watu hawajahamishwa.

Mbili, kanuni za kuachia maji zina uzito sawa na saruji. Bwawa kubwa lenye kanuni mbovu linakauka mapema kuliko dogo linaloendeshwa kwa nidhamu. Na nidhamu inapimwa mwaka wa neema, siyo mwaka wa njaa. Kipindi bwawa linafurika na kila mtu anafurahi, hapo ndipo mtu anapaswa kusema: hii tuibakize.

Tatu, tusiweke mayai yote kwenye bonde moja. Tanzania ina gesi, ina jua, ina upepo Singida na Makambako. Vizuri ni kwamba jua kali, adui wa Mtera, ni rafiki wa paneli. Mchana umeme wa jua ukifanya kazi, maji yanaweza kubaki bwawani yakisubiri usiku.

Nne, takwimu ziwe wazi. Kina cha Mtera tulikuwa tunakijua kwa sababu kilitangazwa wakati wa shida. Ingekuwa vizuri kina cha kila bwawa, maji yanayoingia na yanayotoka, vikatangazwa kila juma, masika na kiangazi, ili mwanafunzi wa hidrolojia pale Sokoine na mkulima wa mpunga pale Ubaruku wasome namba ileile. Hoja hii inahusu pia Bwawa la Kidunda linalojengwa kwenye Mto Ruvu kwa ajili ya maji ya Dar es Salaam. Watu wa Dar wanaolikumbuka bomba kavu wana haki ya kulisubiri kwa hamu. Wana haki pia ya kujua kwamba nalo litatoza ushuru, litaamsha mahitaji mapya, na litakuwa na mtu wa kushika lango.

Kwa hiyo siku nyingine ukisikia kina cha bwawa kimeshuka, kabla hujauliza ni nani aliyemaliza maji, uliza mambo matatu: mwaka jana yaliingia kiasi gani, yaliachiwa kiasi gani, na jua lilichukua kiasi gani. Akikujibu mtu yote matatu kwa namba, basi mnaweza kuanza kujadiliana kuhusu Usangu. Asipoweza, mjadala huo bado haujafika.